Kifua kinauma na mashine imesema ni moyo? Usilipe hata mia kabla hujabonyezwa mbavu

Mkuu, usilipe. Mwambie huyo jamaa wa mashine kwamba hiyo Ijumaa huna hela, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Nimesoma uzi wako mara mbili nikiwa dukani, mteja anaulizia misumari ya inchi tatu namtajia bei ya rangi. Una miaka 36, kifua kinauma upande wa kushoto wiki ya tano sasa, kinachoma ukivuta pumzi ndefu na ukijigeuza kitandani. Umeshikishwa kile kichuma cha mashine, umeambiwa mishipa ya moyo imeziba, na sasa unatuuliza kati ya kifurushi chake cha dawa cha laki sita na cha laki tisa na nusu kipi kinafaa, uendelee na gym au usimame, na ulalie upande gani. Mkuu, hiyo stori ni yangu. Ya mwaka juzi, umebadilisha jina tu.

Mimi niliingizwa mjini kwa shilingi 1,150,000. Nitaeleza yote. Chekeni, mkimaliza mnisikilize.

Nina duka la vifaa vya ujenzi. Siku hiyo lori lilileta simenti mifuko 200, vibarua wawili wakakimbilia kazi nyingine yenye hela zaidi, tukabaki mimi na kijana wa dukani. Mfuko mmoja kilo 50. Nilikuwa ndiyo kwanza natoka kwenye kikohozi cha wiki mbili, mwili bado haujarudi, lakini wingu lilikuwa limeshafunga na simenti haina utani na mvua. Tukaingiza yote. Kesho yake mgongo. Siku ya tatu nikaamka na kichomi kushoto kwa kidari, kama mtu kasahau msumari humo ndani. Hiyo simenti iweke akilini, maana kwa miezi minne hakuna binadamu aliyeniuliza nilikuwa nafanya nini kabla hakijaanza. Na mimi sikusema. Simenti nimeibeba miaka kumi, ningeanzaje kuishtaki?

Nikaenda duka la dawa nikasema moyo unauma, mkono nimeuweka kwenye chembe ya moyo. Hapo Kiswahili chetu kinatuponza. Ukisema chembe ya moyo, anayekusikiliza keshafika kwenye vidonda vya tumbo. Nikapewa omeprazo. Baadaye kituo kimoja cha afya wakanipima H. pylori, wakamkuta, nikala dozi ya siku 14, mdomo mchungu kama nalamba betri. Huyo bakteria watu kibao wanaye tumboni na hawaumwi chochote, kwa hiyo kumkuta kwangu hakukuwa jibu la kichomi. Daktari aliyeniandikia hakuinua macho kwenye kompyuta yake. Dozi ikaisha, kichomi kipo pale pale. Shemeji akasema nimetupiwa kitu. Kufikia hapo nilikuwa nimeiva, nasubiri wa kunichuma.

Akaja. Semina ya afya bure, ukumbi una viti vya plastiki, jamaa kavaa suti kwenye joto lile, kila mtu anamwita dokta. Dokta wa nini hakuna aliyeuliza. Kichuma kimeunganishwa kwa waya kwenye laptop, unakishika dakika moja unaambiwa usiongee, halafu printa inaanza kutema karatasi za rangi. Nikapewa ripoti nene kama daftari la darasa la nne. Moyo: mishipa imeziba. Ini: sumu. Figo: sumu. Ubongo: upungufu wa oksijeni. Kwa hili la ubongo, ukiangalia nilichofanya baada ya hapo, sibishani na mashine.

Ukurasa wa kumi na tisa ukasema mfuko wangu wa uzazi una dalili za uvimbe.

Nina ndevu, mkuu. Aliyenitangulia kwenye kile kiti alikuwa mama mmoja, wakasahau kubadilisha jinsia kwenye kompyuta. Nikamwonyesha jamaa kwa kidole, hapa pameandikwaje? Akatabasamu bila hata kupepesa, akasema mashine inasoma nishati, kaka, hiyo ni tahadhari tu. Na mimi mtu mzima mwenye watoto watatu, nikalipa.

Nimeshajitukana vya kutosha, niachieni niwatukane na wao kidogo. Mshipa wa moyo ulioziba hauonekani kwa kushika chuma. Ili uonekane, unachomwa dawa maalumu kwenye mshipa wa damu na unapigwa picha hospitali kubwa, na wenyewe hawakurupuki tu kukufanyia. Huyu wangu alikuwa na unga wa kijani, vidonge vya harufu ya samaki na maji ya chupa. Kila alfajiri sauti ya WhatsApp: umeamkaje, champion? Nikimwambia maumivu yamezidi, anasema sumu zinatoka. Nikimwambia yamepungua, dawa inafanya kazi. Yakibaki vile vile, mwili unajiandaa. Kwa hesabu zake hakuna siku ambayo mzigo wake unaweza kushindwa. Kifurushi cha kwanza kilipoisha akasema cha pili ndicho kinachofungua mishipa yenyewe, nikatoa hela ya bati. Boma langu limepigwa mvua masika mazima kwa sababu ya huo unga.

Lakini bati si hasara kubwa. Hasara kubwa niliielewa baadaye, na ndiyo inayonifanya nikuandikie wakati dukani kuna watu. Mimi niliamini nina ugonjwa wa moyo, halafu nikakaa miezi minne bila kwenda kupimwa moyo. Umeiona hiyo? Ningekuwa nao kweli, ningezikwa na kikombe cha unga mkononi na jamaa angesema sumu zimetoka zote. Usiku nilikuwa nalala vidole shingoni nahesabu mapigo. Nilimwonyesha mke wangu zilipo karatasi za kiwanja. Mpaka leo tukigombana anauliza zile karatasi bado zipo pale pale?

Mwisho wa yote ulikuja usiku mmoja, pumzi haishuki, mikono inatetemeka (sasa hivi najua ilikuwa hofu), mama watoto akaniburuta hadi hospitali ya mkoa. Zamu alikuwa binti mmoja daktari wa mafunzo, mdogo kabisa, nikajisemea leo nimekwisha. Jambo la kwanza akanibandika zile waya za ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kifuani na miguuni. Dakika chache tu, karatasi ikatoka, akaisoma, akamwita mkubwa wake naye akaisoma. Wakachukua damu ya kuangalia kama msuli wa moyo umeumia. Wakapiga eksirei. Niliposema nilikohoa wiki mbili wakataka na makohozi, kuangalia TB. Vyote safi.

Hapo ndipo ningerudishwa nyumbani na lile jibu la "huna kitu". Yeye akasema, vua shati, baba.

Akaweka vidole viwili pembeni mwa mfupa wa kidari, chini kidogo ya mtulinga, upande wa kulia. Akashuka ubavu mmoja mmoja, anabonyeza, anasubiri uso wangu. Kulia kimya. Akahamia kushoto. Ubavu wa pili kimya. Wa tatu nikaguna. Wa nne nikamdaka mkono kabla sijajua nimemdaka.

Akauliza swali ambalo nimelikariri: "Haya ni maumivu mapya nimekusababishia mimi, au ndiyo yale yale yanayokuamsha usiku?"

Yale yale. Mahali pale pale, msumari ule ule. Akanivuta mkono wa kushoto ukatize kifua, ukauma. Akanirudisha mikono yote nyuma na kichwa juu kama jogoo anayewika, ukauma. Akaangalia kama pamevimba, hapakuvimba. Kumbe pangevimba angefikiria ugonjwa unaoitwa Tietze, jina la daktari mpasuaji wa Kijerumani aliyeuandika mwaka 1921. Ndipo akauliza, baba, kabla haijaanza ulinyanyua nini kizito?

Nilianza kucheka, na kucheka kwenyewe kukaniuma.

Ukila mbavu za mbuzi, kwenye ncha kuna kile cheupe kigumu-laini unachotafuna kinalia kra kra. Hilo ndilo gegedu, na wewe unalo, linaunganisha mbavu na mfupa wa kidari. Likiwaka kwa kikohozi cha muda mrefu, au kwa kunyanyua mzigo, au bila sababu inayojulikana, linauma kila kifua kinapopanuka, na kifua kinapanuka kila unapopumua. Mara nyingi ni ubavu wa pili hadi wa tano. Jina la kitabuni kostokondraitisi, aliponiandikia nikadhani ni beki wa timu ya Ugiriki. Hakuna kipimo cha damu wala picha inayouonyesha ugonjwa huu. Damu na picha ni za kuondoa mambo mengine. Wenyewe unapatikana kwa kidole na maswali. Miezi minne, 1,150,000, na jibu lilikuwa kwenye ncha ya kidole cha binti wa watu.

Sasa shika moja tu, mengine yote niliyoandika sahau: hela yoyote ya dawa ya kifua isitoke mfukoni kabla daktari hajasoma ECG yako na kabla hujabonyezwa mbavu moja moja. Kwa mpangilio huo huo. Usije ukajibonyeza mwenyewe hapo kitandani, ukasikia panauma, ukasema aah kumbe ni gegedu, ukalala. Nilimuuliza yule binti kwa nini hakuanza na kidole tukaokoa muda, akasema kuna watu wana shambulio la moyo kweli na ukiwabonyeza kifua wanauma vile vile. Kidole peke yake hakimtoi mtu kwenye moyo. ECG yenyewe nililipa elfu thelathini. Linganisha na laki tisa na nusu.

Na kama hapo ulipo kifua kinabana kama umekaliwa na gunia, jasho la baridi linakutoka, maumivu yanapanda shingoni, kwenye taya au mkononi, au pumzi inakata, achana na mimi, nenda hospitali sasa hivi. Ukikohoa damu, una homa, au mguu mmoja umevimba, vile vile.

Matibabu yangu yanachekesha kwa udogo wake. Vidonge vya ibuprofeni kwa siku alizoniandikia, baada ya kula, na aliuliza kwanza habari za tumbo, figo na presha, kwa hiyo usikimbilie kujinunulia. Kitambaa cha maji ya moto asubuhi na jioni. Simenti marufuku. Kama wiki nane hivi kikawa kimetulia, hakikuzima siku moja kama taa. Mpaka leo nikijifanya kijana kinanikumbusha, nikiacha kinaacha.

Jamaa wa suti nilimpigia kumwambia. Akasema hongera, kifurushi kimejibu.

Haya, mteja wa misumari kanuna. Wewe kesho asubuhi ECG, halafu rudi hapa utuambie. Na uweke picha ya ile ripoti ya mashine, hasa ukurasa wa kumi na tisa. Nataka nijue kama na wewe una mfuko wa uzazi.