Mchoro huonyesha nini kisichoonekana katika jedwali?
Umeuliza kama mchoro unaonyesha jambo lolote ambalo jedwali halijalisema. Unaonyesha. Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alichapisha seti nne za data, kila moja ikiwa na nukta 11, ambazo wastani wake na kipimo chake cha uhusiano (jinsi namba mbili za kila nukta zinavyokwenda pamoja) vinakaribia kulingana kabisa. Lakini ukizichora, moja imetawanyika kandokando ya mstari, nyingine ni tao, ya tatu imenyooka isipokuwa nukta moja iliyochomoza, na ya nne imesimama wima, nukta moja tu ikiwa mbali. Jicho hunasa umbo kabla hujahesabu chochote. Hata hivyo ufahamu wenyewe (hapa wengi huharakisha) huja unapoirudia ile nukta ya pekee na kuuliza imetoka wapi.