Jibu: Shawa ya umeme kwa maji yenye presha ndogo

Mkuu, umeuliza kwa nini shawa yako ya umeme haipashi maji. Kama simtanki lako hapo Sakina liko mita mbili tu juu ya bafu, usikimbilie kulaumu shawa. Ndani yake kuna mpira mwembamba. Maji yakiusukuma ndipo umeme unaingia kwenye koili inayopasha maji. Yakija kinyonge mpira hausogei, unaoga baridi, na Julai ya Arusha haina utani.

Kila mita moja ya kimo inakupa takriban 0.1 bar (bar ni kipimo cha presha). Pima kutoka kitako cha tangi hadi kichwa cha shawa, kisha linganisha na presha ya chini iliyoandikwa kwenye boksi. Kabla ya kununua nyingine, zima breka (swichi ya kukata umeme wa shawa), fungua hiyo uliyonayo pale inapoungana na bomba. Baadhi huja na kizibo kidogo chenye kitundu, cha nyumba zenye presha kubwa. Kitoe, usafishe na chujio. Ikigoma, pandisha tangi au chukua yenye pampu ndani.

Shawa ya wati 5,500 inavuta kama ampea 24: waya wa 4 mm² kwa uchache, breka yake peke yake, na ethi (waya unaoshuka ardhini) ya kweli, siyo ya geresha. Dakika 10 zinakula karibu uniti moja ya LUKU.