Mlima Utauona, Ila Si Saa Nne Asubuhi

Likizo ya mwezi wa sita ikikaribia maswali ya safari hujaa kama abiria wa Krismasi. Niliendesha Noah ya abiria kati ya Moshi na Marangu miaka kadhaa, mpaka magoti yakagoma, kwa hiyo nitajibu kama dereva. Wa makampuni ya utalii watawajibu kivyao.

Shikamoo babu. Nakuja Moshi mwisho wa Juni na wanangu watatu. Mwaka jana tulikaa siku nne hatukuuona mlima hata mara moja, mdogo akaniuliza kama umehamia Kenya. Safari hii tufanyeje? (Mama wa watatu, Tabata)

Marahaba mwanangu. Huyo mdogo mnunulie soda kwa niaba yangu.

Kwa ninyi wa Dar, Juni ni kiangazi kwa sababu mvua zimekwisha. Huku ni kipupwe. Upepo wenye unyevu unakuja kutoka kusini-mashariki, unaugonga mlima, unapanda, unapoa na kugeuka wingu. Wingu hilo linajilaza juu ya Kibosho, Uru na Machame kama blanketi. Chini yake sisi tunavaa masweta na kulalamika, juu yake kilele cha Kibo kinaota jua bila habari na mtu. Mlima upo, mmefunikwa ninyi.

Sasa kuna mambo mawili, saa na upande. Saa ni alfajiri, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili hivi, kabla jua halijaupasha msitu na kuuamsha ule unyevu. Panda ghorofa ya juu ya hoteli yako, au chukua barabara ya TPC kuelekea mashamba ya miwa, halafu simama ugeuke nyuma. Ukisubiri chai ichemke, kofia ya mmoja ipatikane na mwingine arudi chooni, saa nne imeshafika, na hapo utampiga picha mama lishe tu.

Upande ni huu. Kusini, tunakoishi wengi, ndiko kunakopata mvua na mawingu. Magharibi ni kukavu zaidi. Kwa hiyo asubuhi ikiwanyima, msikate tamaa: saa tisa mchana shikeni njia ya Arusha, Boma Ng'ombe mkunje kulia kwenda Sanya Juu. Ni lami. Mkitoka kidogo nje ya mji nchi inafunguka, mashamba ya mahindi na ng'ombe mpaka macho yachoke, na Kibo iko kulia kwenu bila kizuizi. Jua likishuka linapiga upande huo huo, na ile barafu inaanza nyeupe, inakuwa njano ya siagi, kisha rangi ya papai. Ni dakika kumi hivi. Zima redio.

Njiani wasimulie watoto kisa cha Mawenzi, yule mvivu ambaye moto wake ulizimika kila siku akawa anakwenda kuomba makaa kwa Kibo, hadi Kibo akachoka akamtwanga na mchi kichwani. Wakiona kilele cha Mawenzi kilivyochongoka hawatauliza zaidi.

Kama unaweza kubadili mwezi, njoo Januari au Februari. Joto lipo, vumbi lipo, lakini asubuhi nyingi mlima uko wazi kama ukuta wa jirani.

Mzee, nina Vitz ya zamani, otomatiki. Nataka kutoka Arusha alfajiri, nizunguke Kilimanjaro mzima, jioni nirudi. Inawezekana? (Kijana wa Sakina)

Nusu ya mlima ndiyo, mzima hapana.

Njia nzuri kwako ni Moshi, Himo, Marangu, Mwika, Mkuu hadi Tarakea. Yote ni lami, na kwangu mimi hakuna barabara inayoishinda mkoa huu. Kutoka Himo unaanza kupanda, hewa inabadilika, unafunga kioo bila kuambiwa. Marangu Mtoni njia ya geti inaendelea kupanda, ya Rombo inachepuka kulia. Baada ya Mwika mkono wa kushoto ni migomba juu ya migomba, na ikiwa siku ni njema Mawenzi anachungulia karibu kuliko utakavyomwona popote. Kulia nchi inaporomoka hadi tambarare za Taveta, Kenya, na macho yanakwenda mbali mpaka unasahau usukani. Ukitaka kuangalia, simama pembeni. Nasema hivi kwa sababu kona ni nyingi, na nyuma ya kila kona kuna mama mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, ama bodaboda iliyobeba mikungu mitatu ya ndizi imeenea barabara nzima.

Kupanda si shida, hata Vitz inapanda taratibu. Kushuka ndiko kuna kazi. Siku moja nilishuka kutoka Marangu na abiria kumi na mzigo wa viazi, nikaringa, nikaacha gia kubwa mguu ukiwa juu ya breki muda wote. Karibu na Himo nikasikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua, na pedali ikawa laini kama sponji. Nilisimama kwa gia na kwa sala. Tangu siku hiyo nashuka na gia ileile ambayo ningepandia. Kwenye otomatiki yako toa D, weka 2 au L. Injini italia kidogo. Iache ilie.

Upande wa kaskazini, kutoka Tarakea kupitia Kamwanga hadi Sanya Juu, una uzuri wake wa nyika, ila usiujaribu na Vitz kabla hujauliza madereva wa pale Tarakea hali ya barabara wiki hiyo. Bila kuuliza, geuza urudi ulikotoka. Kurudi unaona mambo mengine kabisa, kwa kuwa sasa uso umeelekea kule ulikokuwa umegeuzia mgongo.

Halafu kati ya Arusha na Moshi, zile kilomita 80 hivi, kila penye nyumba pana kibao cha 50 na kila penye kibao pana mti, na nyuma ya mti pana trafiki na tochi ya kupima mwendo. Faini ya shilingi 30,000 ni mafuta yako ya kwenda Rombo. Mteremko wa Kikafu upite kwa heshima hata kama hakuna trafiki.

Ziwa Chala panaogeleka? Nimeona picha, maji yana rangi ya ajabu. (Mpenda maji, Himo)

Usiogelee. Chala ni kreta, kuta zake zimesimama, na maji yanakuwa marefu hatua chache tu kutoka ukingoni. Mwaka 2002 msichana Mwingereza aliuawa na mamba humo, upande wa Kenya. Watu watakuambia mamba wamekwisha. Wewe kaa juu ukingoni, kula chakula chako, tazama ile bluu inavyogeuka kijani wingu likipita. Inatosha kabisa.

Na Chemka je? Wanasema maji ya moto, naogopa kumchoma mtoto. (Baba mpya, Majengo)

Maji ya Chemka si ya moto. Jina lenyewe limewadanganya wengi. Yanabubujika kutoka ardhini, ni vuguvugu tu, na ni maangavu hadi unaona mizizi ya mikuyu chini. Samaki wadogo watamtekenya mtoto miguu, atalia au atacheka, moja kati ya hayo. Ila kina kipo, na vijana wanaruka na kamba bila kuangalia chini yao, kwa hiyo mtoto asiachwe mkononi mwa mtoto mwenzake.

Unaingilia Boma Ng'ombe, unashuka kusini. Kipande cha mwisho ni vumbi jeupe linaloingia hata kwenye pochi iliyofungwa zipu. Jumamosi na Jumapili pamejaa muziki. Nenda Jumanne.

Babu shikamoo. Wakwe zangu wanakuja kutoka Singida. Baba mkwe ana presha, mama mkwe magoti. Mume wangu anataka kuwapandisha Shira kwa gari ili "waguse mlima bila kutembea". Mimi nina wasiwasi. (Mkamwana, Kibosho)

Marahaba mama. Wasiwasi wako ni wa haki, na ukipenda msomee bwana jibu hili kwa sauti.

Ni kweli kuna barabara inayopandisha gari lenye nguvu kutoka geti la Londorosi hadi uwanda wa Shira, na ni kweli pale juu panatisha kwa uzuri. Lakini unafika zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari ndani ya muda mfupi mno. Anayepanda kwa miguu mwili wake unapata siku mbili tatu za kuzoea hewa nyepesi. Wa garini anashushwa mlangoni kama mzigo. Kijana ataumwa kichwa tu. Mzee wa presha simpeleki bila daktari wake kusema neno.

Maporomoko ya Kinukamori pale Marangu ni mazuri, ila kuna ngazi za kushuka, na ngazi ya kushuka ina mwenzake wa kupanda. Magoti ya mama mkwe yatakukumbuka kwa ubaya.

Wapelekeni Machame. Mnaingilia Kwa Sadala, mnapanda taratibu na lami kati ya migomba na kahawa, vioo wazi. Simameni mahali penye mfongo, ule mfereji wa wazee unaoleta maji ya mlimani hadi vihambani, kwenye mashamba ya nyumbani, mumweleze baba mkwe ulivyochimbwa kwa jembe na kugawiwa kwa zamu. Mtu wa Singida anajua thamani ya maji, hapo atauliza maswali mpaka mchelewe. Mchana mtori, kwa sababu mtori hauna ubishi na meno ya mtu. Jioni mrudi. Watasema wameuona mlima, na watakuwa wameona zaidi ya mlima.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Arusha, sina gari, nina elfu kumi na Jumamosi moja. (Mwenye njaa, Njiro)

Tengeru. Panda daladala ya Usa, shuka sokoni. Jumamosi ni siku ya gulio, ndizi za kila aina zimepangwa chini, na kwa elfu mbili unashiba. Kisha tembea hadi Ziwa Duluti, nalo ni kreta iliyojaa maji, limezungukwa na msitu na lina njia ya miguu ukingoni. Kuna kiingilio, uliza kwanza. Ukitaka kulitazama kwa juu bure, utaona penye uwazi.

Kama unapenda historia, katika eneo la chuo cha mifugo kuna makaburi ya Wapolandi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wakimbizi karibu 5,000 kutoka Polandi, wengi wanawake na watoto, waliletwa kuishi Tengeru. Baadhi hawakurudi. Majina yameandikwa kwenye mawe, na kwa yale ya watoto umri unajihesabia mwenyewe. Mara ya mwisho nilipofika, mzee anayetunza alikuwa anafagia majani ya mti, polepole, kaburi moja moja.

Tunataka kupanda mlima siku moja tu turudi nyumbani kulala. Si lazima kufika kileleni. (Walimu wanne, Pasua)

Geti la Marangu hadi vibanda vya Mandara, kilomita 8 hivi za msituni, saa tatu kupanda kwa mwendo wa mtu wa kawaida. Mandara iko mita 2,720. Mkifika msikae mkanywa chai mkageuza kama wengi wanavyofanya. Ongezeni robo saa hadi kreta ya Maundi, hapo msitu unaisha na mnakuwa nje. Juni na Julai ndio mnafaidi zaidi, maana mnaweza kuwa mmelitoboa lile wingu na kuliacha chini. Mbega mtawaona njiani, weusi na mikia myeupe, wanawaangalia kama wakaguzi wa elimu.

Bebeni vitambulisho vya taifa ili mlipe bei ya Mtanzania, na msitegemee pesa taslimu. Koti la mvua hata kama Pasua kuna jua. Na pale getini someni kibao cha mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayesemekana alikuwa na Hans Meyer, yule Mjerumani aliyefika kileleni mwaka 1889. Vitabuni anatajwa Meyer kwanza.

Materuni nivae ndara? (Dada wa mjini)

Hapana. Njia ni udongo mwekundu, ukilowa ni sabuni. Niliwahi kumwona dada mmoja akirudi na ndara moja mkononi na nyingine imekwenda na maji. Viatu vya kushika, na nguo ya kubadili, kwa sababu yale maporomoko ni marefu kuliko ghorofa lolote la Moshi na manyunyu yake yanakufuata hata ukisimama mbali. Ukitoka pita kwa wanaotwanga kahawa kwenye kinu. Kazi ya kutwanga watakupa na wewe.

Dereva anaruhusiwa kuonja mbege Marangu? (Mchokozi, Soweto)

Haruhusiwi. Nunua upeleke nyumbani. Ila mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, inaendelea kuchacha hata ikiwa safarini, na barabara ya kushuka inaitikisa vizuri. Nilishawahi kuifunga kwenye chupa ya plastiki na kukaza kifuniko kwa nguvu zangu zote. Pale Himo ilipasuka, ulezi hadi kwenye dari, na abiria wa mbele alikuwa anakwenda harusini. Weka kwenye dumu, legeza kifuniko, na dumu alishike mwenye suruali nyeusi.