Diski inayogoma kufomatiwa

Ndugu yangu wa Jinja, umeeleza kwamba diski yako ya nje ya terabaiti 1 hufika nusu ya kufomatiwa, kisha Windows hukataa kumaliza. Kabla ya kujaribu tena, itegee sikio: ikiwa inagonga ti, ti, ti, ichomoe mara moja, na kama ina picha za familia, mpelekee fundi wa kuokoa data, kwa maana kila jaribio huiumiza zaidi.

Ikiwa imetulia, badilisha kebo na uichomeke kwenye kompyuta yenyewe, kwa sababu umeme hafifu huikata diski katikati ya kuandika. Hapa Kampala nilihangaika siku mbili na diski iliyo nzima, kumbe kebo ilikuwa imevunjika shingoni.

Kisha soma ripoti ya SMART, yaani kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe, kwa programu ya CrystalDiskInfo. Thamani ghafi (Raw Values) ya mstari wa C5, yaani sekta zinazotiliwa shaka, ikizidi kupanda, usiiamini tena diski hiyo. Ikiwa ni sifuri, fungua diskpart, chombo cha Windows cha kusimamia diski kwa amri za kuandika, chagua namba ya diski yako kwa kutazama ukubwa wake, kisha utoe amri ya clean, ambayo hufuta jedwali lote la sehemu (partition), yaani orodha ya jinsi diski ilivyogawanywa, bila kukuuliza. Nakusihi sana uhakikishe namba ya diski kwanza.