Kabla hujahesabu kamba waliokufa

Ninyi mnaoanza kupima sumu ya dondoo za mabaki ya mazao, yaani kile kinachotolewa humo kwa kiyeyushi, kwa kutumia kamba wadogo wa maji ya chumvi, karibuni. Najua mna hamu ya majibu, lakini nawaomba mwanzie kinuni, kule maganda yanakotoka.

Hapa Uganda, maganda ya kahawa ya Masaka kwa kawaida ni ya robusta, ya miteremko ya mlima Elgon ni ya arabika, na robusta ina kafeini karibu maradufu. Ukichanganya magunia, hujui tena unapima nini. Rundo lililonyeshewa nyuma ya kinu nalo huota ukungu, na ukungu wa kahawa unaweza kuacha sumu iitwayo okratoksini. Kamba watakufa, utaandika kwamba ganda ni sumu, kumbe muuaji ni ukungu. Maganda ya muhogo yana sayanidi, na kiasi chake hubadilika kulingana na ulivyoyakausha. Kwa hiyo andika siku hiyohiyo: aina, mahali, tarehe, yalivyokaushwa. Kumbukumbu ya kichwani haitoshi.

Kiyeyushi, yaani kimiminika cha kutolea dondoo kama methanoli, ni mtego mwingine. Methanoli yenyewe ni sumu. Ivukize mpaka uzito wa dondoo usibadilike tena. Na kila mara weka chupa zenye maji ya chumvi na kiyeyushi peke yake, bila dondoo. Kamba wakifa humo kwa wingi, jaribio lote rudia.

Vifaranga vya kamba, yaani artemia, hufuata mwanga. Angaza upande mmoja wa chombo, wajikusanye, ndipo uwavute kwa pipeti, kumi kila chupa. Baada ya saa 24 hesabu. Dondoo ya kahawa ni nyeusi, kwa hiyo angaza kutoka chini na utumie lenzi. Anayeonekana amelala, mtazame kwa sekunde kadhaa kabla ya kumwandika mfu. Hapa msiharakishe kabisa.

Tangu 1982 wengi huhesabu LC50, yaani kiwango cha dondoo kinachoua nusu ya kamba, iliyo chini ya mikrogramu 1000 kwa mililita kuwa sumu. Ni kichujio cha mwanzo tu. Mfugaji akikuuliza kama awape mbuzi wake maganda hayo, mwambie wazi kwamba kipimo cha kamba hakijajibu swali lake. Panya ndio hatua inayofuata, nao huangaliwa siku 14 baada ya dozi. Anza mapema kuomba idhini ya kamati ya maadili na kibali cha UNCST, yaani Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, maana bila karatasi hizo panya hawaguswi.