Mtoto ana grupu moja la damu na mama, mbona figo yake imekataliwa?

Mleta mada, pole sana na mama. Nimesoma majibu yote hapo juu: wengine wamekuombea dua, wengine wamekwambia muuze shamba mwende India, ila swali lenyewe hakuna aliyeligusa. Umesema mama anasafisha damu hapo Moshi, wewe ni kifungua mimba wake, una grupu O kama yeye, vipimo vyako vyote vilikuwa vizuri, halafu mwishoni mkaambiwa mama ana kingamwili (askari wa mwili wanaoshambulia kitu kigeni) dhidi yako na figo yako haifai. Na sasa shangazi yenu kaanza kunong'ona kuhusu nani ni mtoto wa nani.

Mimi si daktari. Ni mama wa watoto wanne, naishi Arusha, na figo ninayotembea nayo ni ya mdogo wangu wa kiume. Wa kwanza kujitolea alikuwa mume wangu, akakataliwa kwa sababu ileile iliyokukataa wewe. Nilibaki nauliza maswali kila kliniki mpaka nikaelewa.

Grupu la damu ni kipimo cha kwanza tu, tena ndicho chepesi. Juu ya seli zetu kuna alama nyingine zinazoitwa HLA, na vinasaba vyake viko kwenye kromosomu ya 6. Kila mtoto anachukua nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo wewe, pamoja na kwamba amekuzaa mwenyewe, nusu yako kwake ni ngeni: ni ya baba yako. Wakati wa mimba, na hasa wakati wa kujifungua, seli zako kidogo ziliingia kwenye damu yake. Mwili wake ukaziona, na kwa baadhi ya akina mama mwili unatengeneza kingamwili dhidi ya ile nusu ya baba. Mtoto hadhuriki, mama hajisikii chochote, na hakuna anayejua mpaka siku anahitaji kiungo. Kumbukumbu hiyo inaweza kukaa miaka mingi sana. Si kila aliyezaa anakuwa nazo, lakini kila mimba inaongeza uwezekano.

Ndiyo maana mume wangu alikataliwa. Nimembebea watoto wanne, mwili wangu ulishamjua kabla hajaja na figo yake.

Kuhusu shangazi: kingamwili hizo hazithibitishi hata neno moja la anayoyasema. Mtoto halali kabisa ndiye hasa anayeweza kukutwa na jambo hili kwa mama yake. Ila nikutahadharishe, karatasi ya aina za HLA yenyewe, ile inayoonyesha za kwako na za mama, inaweza kufichua undugu. Karatasi hiyo isisomwe kwenye kikao cha ukoo. Msomewe wewe na mama, mlango umefungwa.

Sasa kipimo kilichokukataa. Kinaitwa krosimechi. Cha zamani kinafanyika hivi: majimaji ya damu ya mama yanachanganywa na seli nyeupe zako, halafu wanaangalia kama seli zako zinakufa. Zikifa, jibu ni chanya; zisipokufa, ni hasi. Mwaka 1969 Patel na Terasaki kule Marekani walitoa takwimu ambazo mpaka leo ndizo zinawatia madaktari hofu. Kati ya wagonjwa 30 waliopandikizwa figo huku krosimechi ikiwa chanya, 24 figo zao zilikufa hapo hapo. Kwa wale 195 ambao ilikuwa hasi, zilizokufa hivyo zilikuwa 8. Usiudhike na aliyekukatalia, amemwokoa mama na amekuachia figo yako.

Lakini chanya si zote sawa, na hapa ndipo ningekushauri urudi na daftari. Uliza ni krosimechi ya aina gani, ya kuua seli au ile ya mashine inayohesabu seli kwa mwanga? Ya pili ni kali zaidi, inanasa hata kingamwili kidogo ambazo ya kwanza haizioni. Uliza pia kama wameondoa uwezekano wa kingamwili zinazoshambulia seli za mama mwenyewe, kwa sababu hizo zinaweza kuleta chanya ya uongo. Kisha uliza kama wamefanya kile kipimo cha vishanga vidogo, ambapo kila kishanga kimebeba alama moja ya HLA, ili wajue kwa jina kingamwili za mama zinalenga nini hasa, na kama hizo alama wewe unazo. Kinatoa namba ya ukali inayoitwa MFI. Usihangaike kulinganisha namba ya mama na ya mtu wa kundi lenu la WhatsApp. Maabara hazina mstari mmoja, na namba hiyo inasomwa pamoja na krosimechi, si peke yake.

Kuna na asilimia inayoitwa PRA. Mama akiambiwa 80, maana yake kati ya watu 100 wa kawaida, takriban 80 wana alama ambayo mwili wake umeshaikataa. Inatisha, lakini ninyi hamtafuti mtu barabarani, mnatafuta ndani ya familia. Huko asilimia hiyo haisemi mengi.

Suala la kuongezewa damu naliweka hapa kwa sababu watu wanalichukulia kirahisi mno. Mgonjwa wa figo damu inashuka, ndugu wanajipanga kuchangia, anaongezewa. Kila chupa inakuja na seli za mtu mwingine, na kwa mama aliyewahi kuzaa inaweza kuamsha kingamwili zilizokuwa zimelala. Muulizeni daktari kama sindano za eritropoietini, zile za kuusaidia mwili kutengeneza damu, pamoja na madini ya chuma zinaweza kutosha. Damu ikiwa lazima, awekewe, mtu asife kwa kukwepa kingamwili. Ila mwambieni kwamba anasubiri kupandikizwa, na muulize kama inapatikana damu iliyochujwa seli nyeupe. Baada ya kuongezewa, vipimo vya kingamwili virudiwe wiki mbili tatu mbele. Majibu ya kabla ya hapo yameshapitwa. Na krosimechi ya mwisho inafanywa karibu kabisa na upasuaji, hata kama ya mwanzo ilikuwa hasi.

Zipo njia za kuziosha kingamwili kwa mashine na dawa. Zinafanyika, ni ghali, na kingamwili zinaweza kurudi. Kama kuna mtoaji mwingine ndani ya familia, mimi nisingeanzia huko.

Akishapandikizwa, kazi haijaisha, kwa sababu kingamwili mpya zinaweza kuzaliwa dhidi ya figo mpya, na sababu kubwa ni kuruka dawa. Takrolimusi yangu, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, naimeza saa ileile kila siku, nanunua ya mwezi ujao kabla ya huu kuisha, na siku ya kupimwa kiwango cha dawa kwenye damu natoa damu kwanza ndipo nimeze ya asubuhi. Balungi sili kabisa, linapandisha kiwango hicho. Rifampisini ya kifua kikuu inaishusha vibaya, kwa hiyo mama akiwahi kuanzishwa dawa za TB popote, kliniki yake ya figo ijulishwe siku hiyo hiyo.

Turudi kwenu. Wewe na wadogo zako wote mmebeba nusu ya baba, kwa hiyo kabla hamjawapanga foleni watoto wote, geukeni upande wa kwao mama. Ndugu zake wa baba na mama mmoja wana alama zilezile za babu na bibi: mmoja kati ya wanne kwa wastani anafanana naye kabisa, wawili nusu, mmoja hafanani. Za baba yako hawakuzirithi. Umesema yuko mjomba Rombo ambaye ana afya na hajafikisha hamsini. Mpigieni, mumweleze bila kumlazimisha, aanze na grupu la damu, presha na sukari. Hivyo vipimo vitatu ni vya bei ndogo na majibu ni siku hiyo hiyo.