Umekwama kwenye Iliad? Ruka orodha ya merikebu

Pole sana kwa msiba, dada. Nimekuelewa: baba amefariki, wewe na kaka yako hamsemezani tangu mazishi, rafiki kakuazima Iliad, utenzi wa kale wa Mgiriki Homer kuhusu vita vya Troy, akisema itakufariji, nawe umekwama kitabu (yaani sehemu) cha 2 kwenye orodha ndefu ya merikebu. Iruke. Wala usione haya, wengi hukwama hapohapo.

Soma cha 1 uone ugomvi wa Achilles, shujaa wa Wagiriki, na Agamemnon, mkuu wa jeshi lao, ulivyoanza, kisha cha 6, Hector, shujaa wa Troy, anapoagana na mkewe. Mtoto analia kwa kuogopa shungi la kofia ya vita. Baba anacheka, anaivua na kuiweka chini. Halafu nenda moja kwa moja cha 24. Mzee Priam, mfalme wa Troy, anaingia usiku kambini kwa adui, anaibusu mikono ya Achilles iliyomuua mwanawe Hector, anamwomba Achilles amkumbuke baba yake mwenyewe. Wanalia wote wawili, kila mmoja na wake. Kisha Achilles anamhimiza ale. Hawajapatana, vita vitaendelea. Wamekubaliana tu siku za kuomboleza na kuzika. Kwangu mimi, hilo ndilo la kumpelekea kaka yako: usianze na nani alikosa, anza na marehemu.

Tahadhari: katika cha 22 maiti ya Hector inaburutwa nyuma ya gari la farasi. Msiba ukiwa bado mbichi, kiache kwanza. Na kama hulali, huli, au unawaza kujidhuru, weka kitabu kando umwone daktari au mshauri nasaha leo hii.

Yule farasi wa mbao maarufu wa hadithi za Troy usimtafute humo, hayumo.